Piga picha ya kitunga, si ya umaskini wa mama aliyekisuka



Ukurasa huu kwa kawaida ni wa kahawa, mihogo na ule ugonjwa unaokausha migomba yetu. Leo naomba nafasi kidogo kwa ajili ya vitunga. Wengine watasema, "Aa, vitunga ni mambo ya mama, si kilimo." Lakini miezi ile kahawa imekwisha na pesa yake imekwisha pia, katika nyumba nyingi za upande wetu wa Kalehe ni kitunga kinacholipa chumvi, sabuni na minerval ya watoto. Na vitunga siku hizi havianzi kuuzwa sokoni. Vinaanza kuuzwa kwenye simu. Mnunuzi wa Bukavu au wa Goma hawezi kupanda barabara yetu kuja kuangalia, anasema tu, "Nitumie foto." Basi ile foto njo soko letu.

Na minasema bila kuficha: picha zetu ni mbaya. Na zile ambazo wageni wanatupigia ni nzuri, lakini haziuzi kitu. Nitaeleza yote mawili.

Nianze na sisi wenyewe. Mimi ni mwandishi wa kikundi cha wasukaji ndani ya kooperative yetu, kwa hiyo makosa haya ni yangu pia. Mara ya kwanza mama mmoja mwenye duka mjini alipotuomba picha, tulikusanya vitunga 12 mbele ya nyumba ya Mama Prezidenti, saa sita ya mchana, tukavirundika chini kama viazi. Kijana wake akapiga picha moja, akaituma. Ndani ya picha ile kulikuwa na vitunga, kuku wawili, basani ya kufulia na mguu wa mtu. Jibu la mwenye duka lilikuja haraka: "Hizi ni za kuwekea viazi? Naweza kutoa dola 3." Wiki mbili baadaye Mama Prezidenti alienda mjini kwa msiba, akabeba kitunga kimoja cha aina ileile, akakiweka mbele ya yule yule mwenye duka. Alikigeuza, akakipapasa, akalipa dola 9. Hakujua kwamba ndicho kile cha kwenye picha.

Dola 6 kwa kila kitunga, njo bei tuliyolipa juu ya picha mbaya. Mama anasuka kitunga kile siku nne, tano.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Sisi tunakaa karibu na ikweta kabisa, Kalehe iko kama nyuzi 2 tu kusini, kwa hiyo katikati ya mchana jua linasimama karibu juu ya utosi mwaka mzima. Mwanga ule unapiga kitunga kutoka juu: kifuniko kinawaka cheupe, tumbo lake linakuwa jeusi. Jicho la mtu linaweza kuona pande zote mbili pamoja, lakini simu haiwezi, inachagua moja. Ndiyo maana nakshi ambayo mama aliihesabu uzi kwa uzi haionekani. Msuko unahitaji mwanga laini unaotoka upande mmoja, ili kila uzi upate kivuli kidogo cha kwake.

Mwanga huo tunao, na ni wa bure. Uko asubuhi kabla ya saa mbili na nusu, na jioni jua linapoelekea milimani. Uko pia siku ya mawingu. Watu wanasubiri mvua ipite na jua litoke ndipo wapige picha, kumbe mawingu ndiyo taa nzuri kuliko zote. Na hata saa sita ya mchana unaweza kuupata: ingia nyumbani, fungua mlango mpana, weka meza kama hatua moja kutoka mlangoni, jua lenyewe lisifike juu ya meza. Simama ubavuni, mlango uwe upande wako wa kushoto au kuume, usiwe mgongoni kwa kitunga. Upande ulio mbali na mlango ukiwa na giza sana, weka pale kipande cha karto ulichokifunika na kitambaa cheupe. Mwanga utarudi. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza Mama Prezidenti aliuliza kama tumenunua simu mpya.

Chini ya mti siyo kivuli kizuri, hata kama baridi yake ni tamu. Majani yanaacha matone ya jua, na kitunga kinatoka na madoa kama chui. Tena mwanga unaopita kwenye majani unakuwa na rangi ya kijani. Chini ya turubai ni vilevile: turubai la buluu linafanya kitunga kionekane kama kimetoka majini. Udongo wetu mwekundu nao unarudisha wekundu wake juu ya kila kitu kilichowekwa karibu. Ukuta mweupe au wa kijivu haukudanganyi.

Jambo lingine ni kile kinachokaa nyuma. Wengi wetu tunatandika kikwembe kizuri, kile cha sikukuu, juu ya heshima. Naelewa. Lakini maua ya kikwembe yanapigana na nakshi ya kitunga, na mara nyingi kikwembe njo kinashinda. (Na usijidanganye kukigeuza, wax ya kweli ina maua pande zote mbili.) Tumieni mkeka usio na rangi, ubao safi, ukuta wa simenti, au shuka ya rangi moja iliyopigwa pasi. Kuku abaki nje.

Shuka nyeupe ina hila yake. Simu ikiona weupe mwingi inafikiri kuna mwanga kupita kiasi, inatia picha giza. Gusa kitunga kwenye kioo cha simu, kisha kwenye simu nyingi kinatokea kialama cha jua. Kivute juu kidogo. Majirani wetu Watwa, mabingwa wa nyungu, wana shida iliyo kinyume: nyungu yao iliyoiva kwa moshi ni nyeusi na nzuri, lakini simu inaogopa weusi, inaifanya ya kijivu kama majivu. Kwao kialama kile kivutwe chini.

Kabla ya yote hayo, panguseni kioo kidogo cha kamera nyuma ya simu. Simu inakaa mfukoni pamoja na unga, karanga na jasho. Nimeona watu wakilaumu simu ya Kichina, wakati kosa ni mafuta ya mandazi.

Na simama mbali kidogo. Ukiisogeza simu karibu sana, mdomo wa kitunga unakuwa mkubwa na kitako kinakuwa kidogo, kama mtu mwenye kichwa kikubwa. Rudi nyuma hatua mbili, inama mpaka simu iwe sawa na katikati ya kitunga, piga, kisha kata pembeni kile kisichotakiwa. Kitunga kimoja kinahitaji picha kadhaa: kikiwa kimefungwa, kikiwa wazi ukikitazama kutoka juu, nakshi kwa karibu, na kitako. Kitako hakisahauliwi. Mnunuzi anayejua kazi anaangalia kwanza kitako na pale uzi unapomalizikia. Ukivificha anafikiri una sababu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma zaidi, ukweli wa picha. Baada ya kujua mwanga, tulijiona tumefika. Kijana mmoja wetu, fundi wa simu, akaweka programu inayotia rangi nguvu. Wekundu wetu, ule wa kahawia unaokaribia rangi ya udongo, ukawa mwekundu kama nyanya. Mteja mmoja alifurahi sana, akaomba vitunga 40. Vilipofika akachukua 15, akarudisha 25. "Hivi si vile mlivyonionyesha," alisema, na alikuwa na haki. Tulilipa usafiri mara mbili, na mama waliokuwa tayari wamekopa juu ya pesa ile walikaa miezi na deni. Nilikuwa mimi niliyeidhinisha zile picha zitumwe. Nilijua rangi imeongezwa. Nilisema moyoni, "Akishaviona mikononi atavipenda tu." Huo ulikuwa uongo, hata kama haukuandikwa na kalamu.

Tangu siku ile tuna sheria katika kikundi: mwenye kitunga anashika kitunga mkononi, anaangalia picha kwenye simu, anasema rangi ni ile au siyo ile. Yeye ndiye anaamua, wala si kijana wa simu wala mwandishi. Na tunaandika chini ya picha kwamba nyuzi zinapikwa na rangi kwa mkono, sufuria hii na sufuria ile hazitoki sawasawa. Tulifikiri maneno haya yatafukuza wateja. Hakuna aliyekimbia.

Urefu pia ni ukweli. Kitunga kikipigwa peke yake kwenye ukuta mtupu hakina ukubwa. Kinaweza kuwa cha kuwekea hereni au cha kuvunia maharagi. Wekeni ile mita ya fundi cherehani kando yake katika picha moja, na muandike sentimeta: upana, urefu, na mdomo. Mkono wa mtu ni mzuri pia, lakini uwe mkono wa mtu mzima. Kikundi kimoja cha jirani kilitumia mkono wa mtoto, na mteja alipopokea mzigo alifikiri wamemkatia nusu.

Nimesema nitaongea pia juu ya picha za wageni. Najua gazeti hili ni la shirika, na nashukuru wahariri kama wataacha sehemu hii ikae.

Miaka michache iliyopita mpiga picha alikuja na gari la shirika moja, si lazima kulitaja, na lenyewe lilishafunga ofisi. Kamera yake ilikuwa ya bei kubwa. Mama Prezidenti alikuwa ametoka shambani. Alimwomba mgeni amngojee dakika kumi anawe na avae kikwembe chake cha kikundi. Mgeni akasema hapana, hivi ni vizuri zaidi, ni vya asili. Akampiga picha amekaa chini, na nguo iliyopasuka begani, mjukuu analia mgongoni, kitunga kiko mbele ya magoti. Baadaye tuliletewa kalenda. Picha ilikuwa nzuri kweli. Machozi ya mtoto unaweza kuyahesabu. Kitunga kilikuwa ukungu tu. Chini paliandikwa maneno juu ya mama anayepigana na umaskini. Jina lake halikuwepo. Jina la kooperative halikuwepo. Hakuna mtu hata mmoja aliyetuandikia kuomba kitunga.

Mama Prezidenti aliitazama kalenda ile muda mrefu, akasema: "Miye ni fundi. Hapa bamenifanya muombaji."

Watu wa mashirika watanijibu, na nimeshawasikia, kwamba wafadhili wanataka kuona nyuso za watu, bila nyuso pesa hazitoki. Sikatai. Lakini pesa ya mfadhili na pesa ya mteja ni vitu viwili. Mfadhili anatoa juu ya huruma, anatoa mara moja, mara mbili, proje inakwisha. Mteja anatoa juu ya kitu anachokitaka nyumbani kwake, na akiridhika anarudi. Picha ya huruma inamfundisha mteja kwamba kitunga chetu ni sadaka, na sadaka haina bei. Hakuna mtu anayelipa dola 20 kwa kitu cha kumsaidia maskini. Anatoa dola 5 na kujisikia amefanya vizuri.

Sisemi watu wasionekane kabisa. Picha nzuri kuliko zote tulizo nazo ni ya mikono miwili inafunga uzi wa mwisho. Mteja akiiona anaelewa kwa nini kitunga kinachukua siku tano. Na mama akitaka sura yake ionekane, vema, lakini avae anavyotaka yeye, asimame anavyotaka yeye, na jina lake liandikwe kama amekubali. Akisema hapana, ni hapana, na hakuna haja ya kueleza sababu. Wakati huu wa mahangaiko wengi wana sababu zao. Kuna waliokimbia kutoka vijiji vingine, hawataki ijulikane wako wapi. Watoto wasitiwe kwenye picha za biashara, basi.

Hapa kuna kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Simu inaweza kuficha ndani ya picha habari za mahali ilipopigwa. Haionekani kwa macho, lakini anayejua kutafuta anaipata. Ingieni kwenye mipangilio ya kamera, mzime ile sehemu ya mahali. Nasema hivi hasa kwa sababu ya ushauri ninaotaka kutoa sasa: ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza uzito na nakshi ndogo zinapotea. Mteja wa dukani anayetaka kuichapisha atakuomba uitume kama dokima. Hiyo inafika nzima, lakini inaenda na zile habari zote za ndani. Inakula mega nyingi pia. Kwa hiyo tumeni kwanza zile nyepesi, na nzito mtume tu kwa mteja aliyeshakubali.

Na nyote mnajua, lakini niseme: hapana kutoa simu na kupiga picha karibu na bariere, kambi ya askari au daraja, hata kama mwanga wa jioni pale ni mzuri namna gani. Kitunga hakitakutoa kule watakakokupeleka.

Kuko hofu nyingine naisikia katika mikutano: "Tukionyesha picha, watatuiba nakshi." Hofu hii ni ya kweli, nakshi zinaigwa, hata sisi tumeiga za wengine, tusijifanye malaika. Lakini kitunga kinachofichwa hakiuzwi. Wengine wanaandika jina la kikundi kwa herufi kubwa katikati ya picha. Hilo halizuii mwizi, na linamzuia mteja kuona. Sisi tunafanya hivi: nakshi za zamani, ambazo kila kijiji kinazijua, tunazionyesha wazi. Nakshi mpya ambayo mama ameitunga mwaka huu haitumwi ovyo kwenye vikundi vya WhatsApp. Anaonyeshwa mteja mmoja mmoja, yule aliyeshalipa mara moja. Wengine katika kikundi hawakubaliani nami, wanataka hata nakshi mpya ionekane kwa wote. Mjadala bado.

Kwa upande wa gharama, sikubali kwamba kila kikundi kinahitaji kamera. Nimeona proje imenunua kamera, ikakaa kwenye kabati ya rais wa kooperative mpaka batri ikafa. Simu moja ya mtu mmoja anayeaminika inatosha, na kikundi kimlipie unite na pesa ya kushaji kwa mwenye solere. Lakini mtu huyo asiwe lazima kijana wa kiume, eti juu ndiye anayejua simu. Kwetu sasa anayepiga picha ni msukaji mwenyewe, mama wa watoto watano, aliyejifunza kwa wiki tatu. Picha zake ni bora kuliko za kijana, juu yeye anajua ni sehemu gani ya kitunga ilikuwa ngumu kusuka, na pale ndipo anapoelekeza simu.

Vitunga vyetu vilevile, uzi uleule, siku zilezile tano: mwaka huu mwenye duka wa kwanza, yule wa dola 3, ameagiza 30 kwa dola 10 kila kimoja kwa kutazama picha tu. Hajarudisha hata kimoja mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa mashirika yanayofanya kazi na sisi, na hili la gazeti hili likiwemo. Mkituma mpiga picha, atuambie siku moja mbele, ili vitunga visafishwe na mama wavae. Apige kila kitunga peke yake kabla hajampiga mtu. Na kabla gari halijageuka, atuachie picha zote kwenye kadi ya simu, zile zile atakazoenda nazo. Ya kalenda ile hatukuachiwa hata moja. Mama Prezidenti alikata ukurasa wa mwezi wa sita, akakunja upande wenye sura yake, akabakiza mikono na kitunga, na kipande hicho bado kimebandikwa kwenye mlango wa depo.